Kofia Inaonekana, Mama Ni Moshi

Bunia, Mudzipela, tarehe 12 mwezi wa tatu 2023

Kwako mutoto yangu Aimée, kule Butembo,

Salamu mingi kwako na kwa bwana yako Élisée. Siye tuko wazima. Mama yako iko muzima, anakusalimia sana. Hii barua ninaandika na mukono yangu mwenyewe, hakuna mutu ananiandikia. Unajua nilisomaka mupaka darasa ya tatu ya primaire tu, lakini angalia herufi zangu ginsi zinasimama. Walimu wengi wangetaka kuwa nazo.

Telefone yetu ilianguka mu beseni ya kufulia nguo. Imekufa kabisa. Hapana kunitumia ingine. Telefone inakula maneno, mutu anaita allo, allo, mupaka anasahau kitu alitaka kusema. Karatasi haisahau. Weye uandike, Didier dereva wa kamio ataniletea akipita na lori yake mu konvoa ya askari, na mimi nitamupatia jibu.

Uliomba sura ya mama yako. Ndiyo hii foto. Nilimupiga mu nyumba, amekaa ku kiti, na ile mashini yangu kubwa ya foto unayoijua. Ile muzungu wa gazeti aliniachia wakati vita ilitulia, akaniambia: "Athanase, hapa Bunia hakuna mwingine mwenye mukono ya kuishika." Hivi alisema, mbele ya watu. Kutoka Mudzipela mupaka Rwambuzi, ukiingia kwa mutu ukaona foto muzuri ku ukuta, ya ndoa, ya ubatizo, ya matanga, usipoteze nguvu kuuliza nani alipiga.

Mama anasema usihangaike juu yake.

Mimi Baba yako,
ATHANASE, Fotografu Mukubwa, Jicho ya Bunia

*

Butembo, tarehe 29 mwezi wa tatu 2023

Papa mupenzi,

Didier alinipa bahasha ku labo ya foto, kazini kwangu, nikaifungua palepale, mikono bado ina unyevu wa karatasi za foto za watu. Papa, usikasirike. Mama hayuko ndani. Kuna rangi ya kikwembe chake, na juu ya kikwembe kuna moshi. Lakini kofia ya kaka Yannick, ile mulitundika ku ukuta tangu tulipomuzika, naiona mupaka uzi uliotoka pembeni. Kofia inaonekana, Mama ni moshi.

Kutwa nzima natoa foto za watu, kosa hili nalijua. Mashini za zamani za kioo zinafikaga pale: kile kioo cha ndani kinachopanda na kushuka kinasogea kidogo tu, basi mashini inashika kitu cha nyuma na kumuacha mutu. Haikuwa aibu yako. Ile yako ilikuwa mufalme wakati wake, nakubali, lakini wakati wake umepita. Siku hizi kuna ndogo zisizo na kioo ndani. Ni za bei ya chini, za wanaoanza, lakini zinatafuta jicho la mutu zenyewe na kulishika. Mu nyumba yenye giza kama yetu zinaona kuliko siye. Nami ninayo moja, napigia ndoa mu kanisa.

Kitu kingine. Nilimupigia simu mama Denise, jirani. Akasema Mama ameenda soko. Nikapiga tena: soko. Nikapiga Jumapili: soko. Papa, tangu lini Mama anauza samaki wake wa makayabo siku ya Bwana? Yeye aliyetukataza ata kuosha sahani kabla ya misa?

Mupige tena. Nataka uso wake.

Mutoto wako,
Aimée

*

Bunia, siku ya Pasaka 2023

Mutoto Aimée,

Nimesoma. Nikacheka. Kisha nikakasirika. Kisha nikakula, nikasoma tena.

Weye unanifundisha mimi mashini? Mimi nilikubeba ku mugongo na mashini ku kifua, mukalala wote wawili mu ndoa ya watu! Sikiliza sasa. Ile yangu ni chuma. Ilianguka ku kamio pale Irumu, kamio ikaharibika, yenyewe ikaendelea. Batri yake naweka Ijumaa, inapiga ndoa, inapiga matanga, inarudi na nguvu. Ukiweka jicho mu tundu unaona mutu, mutu wa kweli, ata kama batri haiko ndani. Na mukono yangu inaijua gizani, kila butoni. Hiyo yako isiyo na kioo, ndani unaona nini? Televizyo. Si mama yako, ni televizyo ya mama yako.

Na kofi yake, ile sauti ikipiga? Hapa Mudzipela hakuna mutu hajui ile kofi. Ku matanga, kabla ya kufunga sanduku, wote wanazunguka maiti, wanameza kilio, wanashika pumuzi, mimi naangalia, naangalia, kisha KLAPA! Hapo ndio ruhusa. Wote wanalia pamoja. Mutu hawezi kulia kabla ya kofi, angeharibu foto ya familia. Mashini ndiyo inawafungulia. Wanasema: Athanase ametuachilia. Yako inaweza?

Mama yako anasema mashini yangu inapiga kelele kama mulango ya choo. Yeye anajua kuzarau, lakini ku foto anakaa kimya kama wengine wote.

Nakutumia foto ya pili. Ikiwa moshi tena, ni karatasi ya labo ya hapa, watoto wanaichanganya vibaya. Mama alienda soko kweli. Siku ya Jumapili alienda kusalimia tu, hakuuza.

Baba yako,
ATHANASE, Jicho ya Bunia na Irumu yote

*

Butembo, tarehe 30 mwezi wa ine 2023

Papa,

Moshi. Ya pili ni moshi kuliko ya kwanza. Na kofia ya Yannick inang'aa kama mupya.

Nimekaa na foto zote mbili usiku na Élisée, akaniambia kitu ambacho mimi nilikuwa naogopa kukisema. Papa, labda si mashini. Ni macho yako. Umezeeka. Muzee wa hapa kwetu alianza hivyohivyo, akitia chumvi mu chai. Usione haya. Hospitali wanapasua, mutu anaona tena.

Namupa Didier mashini yangu ndogo akuletee. Uweke jicho, ufinye, basi. Yenyewe itatafuta jicho la Mama, hauna kazi ya kuzungusha kitu. Ata kipofu angepata foto. Samahani, sikutaka kuandika neno hilo, lakini nimeandika na wino.

Ukinitumia tena moshi, nitapanda kamio ya Didier mimi mwenyewe nikuje kumuona. Siogopi njia. Tudege twa kuja Bunia tumesimama, haizuru, lakini kamio zinapita.

Aimée

*

Butembo, tarehe 20 mwezi wa tano 2023

Papa,

Haraka tu, namupa dereva mwingine, juu Didier bado iko kwenu. Nilisahau kukuambia: ile mashini nilizima sauti yake juu ya kanisa, padiri hataki kelele. Na nilizima foto isijionyeshe nyuma, ili batri isiishe mbio. Kwa hiyo ukifinya hautasikia kitu na hautaona kitu, lakini imepiga. Usidanganyike. Ukitaka sauti, umuombe mutu mwenye kusoma kifaransa akufungulie.

Mubusu Mama.

Aimée

*

Bunia, tarehe 21 mwezi wa tano 2023

Mutoto Aimée,

Mashini yako ilifika. Nakurudishia na Didier huyu huyu, iko mu kile kitambaa ya bluu. Imekufa.

Nasema vile iko. Kwanza nilicheka. Ni nyepesi kama sabuni iliyobakia ku beseni, mukono yangu iliimeza, kidole cha mwisho kikakosa pa kukaa. Niliizima, nikaweka jicho: giza. Yangu ata ikilala inaona. Niliiwasha: televizyo, kama nilisema. Nikajaribu ku mulango ya nyumba na ku mbuzi ya mama Denise. Mu televizyo kakisanduku kadogo kakaja kukaa juu ya jicho ya mbuzi. Nikageuka huku, kananifuata. Nikazungusha objektifu, ile jicho ya mbele ya mashini, ili kaende nyuma, kanarudi ku jicho. Hii si mashini, ni polisi. Kisha nikafinya. Kimya. Nikafinya tena na tena. Kimya kabisa, nyuma hakuna foto, hakuna kitu. Mashini isiyopiga kofi haijapiga foto, ata mutoto wa Mudzipela anajua. Pengine njia iliitikisa sana. Yangu isingekufa na mitikisiko ya njia.

Sasa ile ingine. Macho. Sawa. Ni macho. Umesema kweli, sioni tena vizuri. Uwaambie ata watu wa Butembo, uwaambie Athanase haoni. Lakini juu ya hiyo hakuna sababu ya kupanda gari. Umenisikia? Sura ya mama yako unaijua, haikubadilika. Hapana kupanda ile kamio. Kaka yako Yannick alisema vilevile, "siogopi njia," na alikuwa na nguvu kuliko weye, na karibu na muji wa Komanda waasi walichoma gari yao na yeye ndani. Tuliweka mu sanduku mifupa kidogo na kofia yake iliyookotwa ku njia, na mama yako akatoa kofia akasema hii inabaki.

Foto ya tatu sitatuma. Mutu asiyeona anatuma nini.

Baba yako,
Athanase

*

Butembo, tarehe 8 mwezi wa sita 2023

Papa,

Mashini haikukufa.

Niliitoa mu kitambaa cha bluu, nikatoa kakadi kake kanakoweka foto, nikakaweka ku ordinateri, kompyuta ya labo, nione ni nini imeharibika. Wateja walikuwa wamesimama. Nikafungua.

Hakuna mbuzi, Papa. Hakuna mulango. Ni Mama tu, foto kwa foto, zote safi, ginsi sijaona foto safi. Shingo yake ni kamba. Kikwembe kimefungwa kifuani mara mbili na bado kinashuka. Mikono iko juu ya magoti kama mikono ya mutu mwingine aliyeiacha hapo. Na macho, Papa. Ile mashini ilifanya kazi yake, ilishika macho yake kila mara. Nilifunga labo. Nikawaambia wateja warudi kesho.

Kisha nikachukua foto zako mbili za moshi, nikaziweka pembeni. Nilikuwa mujinga. Mutu asiyeona anakosa huku na kule, leo mbele, kesho pembeni. Mashini mbovu ya kioo ingekosa, lakini isingechagua. Zako zote mbili zimekamata kofia ya Yannick, ile ile, mupaka uzi. Hakuna kipofu anaweza hivyo. Uliishika objektifu na mukono yako, ukaizungusha mupaka Mama akapotea. Ulifanya kusudi. Na mimi nikakuita kipofu, na weye, Papa, weye unayegombana na watu juu ya kofi ya mashini, ukaniandikia "sawa, ni macho."

Nilifikiria telefone yako mu beseni. Ulitaka nisisikie sauti yake, si ndivyo? Na mama Denise na soko lake la Jumapili. Mudzipela yote mulikubaliana.

Mama anakufa, na mulipatana kunificha mimi, mutoto pekee aliyebakia.

Nimefunga mufuko. Didier anakuletea hii barua, akirudi huku nitapanda naye safari inayofuata. Élisée analia, amekubali. Umwambie Mama aningoje. Umwambie nakuja na viazi vya Lubero, vile vyekundu, nitamupikia mwenyewe.

Aimée

*

Bunia, tarehe 16 mwezi wa sita 2023

Aimée, mutoto yangu,

Hapana kukuja. Fungua mufuko.

Mama yako hayuko. Alitutoka tarehe kumi na moja, asubuhi, mama Denise iko anamupashia maji ya uji. Barua yako Didier aliniletea ku matanga, watu wamejaa ku viti. Niliisoma mbele yao wote, pole pole ginsi nasomaka, na walifikiri nasoma pole za watu wa Butembo.

Sasa nasema. Ilikuwa tumbo. Tangu mwaka jana. Monganga wa hospitali aliniita pembeni, akatikisa kichwa, na mama yako akasema, "Hapana kuniitia pembeni, tumbo ni yangu." Kufika nyumbani alitoa ile kofia ku musumari, akaiweka mu mukono yangu, akasema: "Baba Yannick, Aimée akiniona hivi atapanda gari. Namujua, ni kichwa yako ile. Mimi sitazika mutoto mara ya pili, na sitaki kuzikwa wakati mutoto yangu iko anaungua mu njia. Uniapie hapa." Nikaapa. Telefone ni yeye aliitupa mu beseni, si mimi. Alisema sauti yake imeanza kumusemea ugonjwa.

Lakini weye uliomba foto. Nikamuambia tumunyime. Akasema: "Ukimunyima atajua. Tuma, lakini usinitume mimi." Hivi alisema, na akakaa ku kiti. Mimi ndio nilipata ile akili ya kuzungusha.

Unajua hiyo ni kazi gani? Mashini yangu ina tundu ya kioo safi, nilikuwa namuona vizuri kabisa. Nashika objektifu, nazungusha, anaanza kwenda. Pua inakwenda, macho inakwenda. Nyuma yake kofia inakuja, inakuja, mupaka iko wazi. Na yeye kimya, ameshika pumuzi, anangoja kofi. Mimi mutu wa kushika watu wasipotee, nilimupoteza na vidole vyangu, yeye mwenyewe akiniangalia. Ulipotuma mashini yako, nikaona nimeshikwa. Ile haijui kupoteza mutu.

Ulisema kipofu. Nikakubali. Usiandike tena juu ya ile.

Ku maziko nilipiga mwenyewe. Wote walinikataza, eti mwenye kufiwa hashiki mashini. Nikasema nani mwingine? Watamupiga na telefone? Walizunguka sanduku, wakashika pumuzi. Weye unajua mashini yangu: ukifinya, kioo inapanda, mu tundu inakuwa giza kidogo, kisha inashuka unaona tena. Nikafinya. Kofi ikapiga. Giza. Watu wote wakalipuka kulia, mama Denise akaanguka. Kisha kioo ikashuka, nikamuona tena, bado iko pale. Nilibaki na jicho mu tundu. Walikuja kunitoa.

Kaburi iko karibu na ya Yannick, upande ya kivuli. Nitailinda. Hapana kukuja.

Baba yako

*

Butembo, tarehe 9 mwezi wa saba 2023

Papa,

Nimefungua mufuko. Viazi nilimupa jirani.

Didier ameenda na kurudi tena, konvoa zote zimepita salama. Zile juma zote za mwezi wa tano, nilimuuliza, zilipita salama. Nilikuwa nataka ujue. Ningefika, Papa. Ningemukuta ku kiti. Najua utasema hakuna mutu angejua mbele, na siku ya Yannick pia asubuhi walisema njia ni nzuri. Najua. Lakini ninapolala nafika Mudzipela kila mara, na yeye anafungua mulango.

Sijui kama nimekusamehe. Naandika tu ili usifikiri kimya changu ni kama kile cha mashini, kwamba kitu kimekufa.

Zile foto sikuonyesha mutu, ata Élisée. Nimeziangalia sana, na kuna kitu sielewi. Katika zote Mama amekauka, mabega juu, mashavu yamejaa hewa. Najua ni nini, ndivyo tunavyokaa wote mbele yako toka utoto, tunangoja kofi. Lakini moja, ya mwisho kabisa, imepinda, umekata ata kichwa cha kiti, mutu angesema mashini ilijipiga yenyewe. Hapo anacheka. Mudomo wazi, ule upande asio na jino, ule aliokuwa anaufunika na mukono ku foto zote za maisha yake. Amekonda vilevile, shingo ni kamba vilevile, lakini ni Mama. Ni huyo nilikuwa nakuomba.

Nimeitoa kubwa. Nakutumia moja, weka ku ukuta. Nyingine iko hapa, juu ya meza ambapo nakuandikia hii karatasi.

Alikuwa anacheka nini?

Aimée

*

Bunia, tarehe 30 mwezi wa saba 2023

Mutoto yangu,

Foto ilifika. Niliitundika ku musumari ya pembeni ya kofia. Mama Denise alipoingia akaiona, akarudi nje, akapiga hodi upya.

Unasema konvoa zilipita. Nimesoma. Niliipeleka ku kaburi, nikamusomea na yeye.

Unauliza alikuwa anacheka nini. Siku ile Didier alileta mashini yako, mama yako alikuwa amelala. Akasikia nazungumuza nayo vibaya, akauliza, "Unagombana na nani?" Nikamuambia: na mashini ya Aimée, inanizarau. Akasema, "Nipeleke ku kiti tuone kama inajua kazi." Nikakataa, nikamuambia hii haiwezi kukuficha. Akajibu, "Utapiga tu, hautatuma." Basi nikamubeba. Alikuwa nyepesi, Aimée. Mashini yangu kubwa na yeye, sijui nani alikuwa muzito.

Akapanga kikwembe. Akashika pumuzi. Nikafinya. Kimya. Akauliza na meno imefungwa: "Imepiga?" Nikajibu: "Bado." Nikafinya. Kimya. Akaanza kutetemeka juu ya kushika pumuzi, na mudomo haufungui: "Baba Yannick, nitakufa kabla ya kofi?" Nikasema ngoja, ngoja. Nikafinya, nikafinya. Mwisho nikasema: "Mama Yannick, hii mashini ni maiti." Ndio akaachilia pumuzi yote, akacheka mupaka kikwembe kikashuka, akasema: "Basi mu nyumba hii tuko wagonjwa wawili, na weye monganga hauna dawa ya ata mumoja." Mimi na kasirani nikafinya mara ya mwisho, ata jicho sikuweka mu tundu, mashini iko hapa ku kifua. Kisha nikaitupa ku kitanda.

Foto zake nilipiga mingi tangu alikuwa musichana wa kuuza maandazi. Zote ameshika pumuzi, zote amefunga mudomo. Nilikuwa najisifu: tazama ginsi anakaa, kama malkia. Hii moja tu ndio anapumua. Na mimi sikujua kama nimeipiga. Barua yako ya sauti iliyozimwa ilinikuta Didier ameisha kwenda; nilikurudishia nikidhani ni tupu, nikaandika kama fundi.

Batri yangu bado inashinda yako. Ile sitakubali mupaka kufa.

Lakini nitumie tena ile mashini. Hapana kufungua sauti, iache vile iko. Mama Denise atafinya, nitamuonyesha pa kuweka kidole. Mimi nitakaa ku kile kiti, mchana, mulango wazi. Kale kakisanduku kaje kakae ku jicho yangu. Utaniona vile niko: ndevu haijanyolewa, nimekonda kidogo, shati ni ile ya matanga sababu zingine hakuna mutu amefua. Na jicho ya kuume kweli imeanza ukungu, ile haikuwa uongo yote. Utaangalia mwenyewe, usiulize mama Denise, usiulize soko. Kila mwezi nitakutumia moja, mupaka siku weye utasema basi.

Kofia haitakuwa nyuma yangu. Nitasogeza kiti.

Na sitashika pumuzi.

Baba yako